Droo ya Tatu: Barua ya Wazi kwa Mnaopanga Nani Aingie

Waheshimiwa wenyeviti na wajumbe wa kamati za udahili, za ufadhili wa masomo na za ajira,

Hamnijui, ila herufi za jina langu mmeziona mara nyingi. Ziko chini kabisa ya barua zenu, upande wa kushoto, kwa maandishi madogo: kwanza herufi za aliyetia saini, kisha mkwaju, kisha za aliyechapa. Mimi ni yule wa baada ya mkwaju. Nilikuwa karani wa masijala kwa miaka 19 katika taasisi ambayo sitaitaja, kwanza kwa sababu ninayotaka kuyasema hayaihusu hiyo peke yake, na pili kwa sababu niliofanya nao kazi walikuwa watu wema. Hilo la wema naomba mlishike, maana nitalirudia.

Kazi yangu ilikuwa kufungua bahasha, kugonga mhuri wa "imepokelewa", kupanga majalada na mwisho wa yote kuchapa barua. "Tunayo furaha kukufahamisha kuwa umechaguliwa." Sentensi hiyo vidole vyangu vinaijua hata nikiwa nawaza mengine. Aya inayofuata nayo vinaijua: "Nafasi hii itathibitishwa endapo..." Ninyi mlikuwa mnatia saini ukurasa wa pili. Sidhani kama kuna aliyewahi kurudi ukurasa wa kwanza akaisoma ile aya ya "endapo" hadi mwisho. Ilikuwepo kabla yenu, mkaikuta kama mlivyokikuta kiti cha mwenyekiti.

Masijala yetu ilikuwa na kabati la chuma lenye droo nne. Ya kwanza ilikuwa ya waliochaguliwa, ya pili ya ambao hawakuchaguliwa. Ya tatu ilibandikwa kikaratasi chenye mwandiko wa karani aliyenitangulia, neno moja kwa herufi kubwa: HAKURIPOTI. (Ya nne nilikuwa naweka viatu vyangu vya mvua.) Barua hii inahusu droo ya tatu.

Waliomo humo ni watu ambao ninyi wenyewe mliwachagua. Mlipitia alama zao, mkawasaili, mkawajadili mpaka saa za jioni, mkasema huyu tunamtaka. Kisha siku ya kuripoti hawakuonekana. Kila mwaka, kwenye kikao cha kufunga mwaka, idadi yao ilisomwa kwa sauti, haichukui hata dakika moja, maana nafasi zao zilikuwa zimeshajazwa kutoka orodha ya akiba na hapakuwa na kiti kitupu cha kumsumbua mtu. Muhtasari wa vikao niliuandika mimi. Mwaka baada ya mwaka maneno yalikuwa yale yale, ya mwenyekiti: "Waombaji hawa hawakuonyesha nia."

Mwaka tuliohamia jengo jipya niliagizwa niteketeze majalada yaliyopita umri. Kabla ya kuyateketeza nikafanya kosa ambalo karani hatakiwi kulifanya, nikayasoma. Nilitoa 11 kwenye droo ya tatu, yale ya karibuni, na kwa wiki mbili, saa ya mapumziko, nikawa napiga simu zilizoandikwa kwenye fomu. Namba nne zilikuwa zimekufa. Saba zilipokelewa.

Hakuna hata mmoja kati ya hao saba aliyeniambia kuwa hakuwa na nia.

Mmoja barua yake ilifika kwenye nyumba waliyokwisha kuhama, kwa sababu mwenye nyumba alipandisha kodi katikati ya mwaka. Wawili walikwama kwenye mdhamini: tulitaka mtu "mwenye ajira ya kudumu", na katika ukoo mzima hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Mmoja alikuwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa, sisi tukataka cheti chenyewe, na ofisi ya kukitoa ilikuwa mbali kuliko chuo. Mmoja alicheka, akaniambia, "Mlinipa nafasi, hamkunipa nauli." Mmoja alinong'ona kwamba yuko kazini, haruhusiwi kupokea simu, akakata. Sikumpigia tena.

Wa saba niliitambua sauti yake kabla hajamaliza kusema yeye ni nani. Alikuwa amewahi kuja dirishani kwangu.

Mwaka wake ndiye aliyekuwa wa kwanza katika orodha ya fani aliyoomba. Barua ilimtaka alipe amana ya kushikilia nafasi ndani ya siku saba, na siku hizo zilihesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Barua ilikaa njiani siku tatu. Kwa hiyo siku saba zenu zilikuwa nne zake, na hilo hakuna aliyelipanga kwa ubaya, ni kalenda tu. Amana yenyewe ilikuwa ya kurudishwa. Hatukuwa tunaihitaji! Ilikuwa inakaa kwenye akaunti mpaka mwanafunzi aanze, halafu anarudishiwa. Lengo, tuliambiwa, ni kupima nani yuko makini. Mama yake alikuwa mfagizi wa ofisi, mshahara ulikuwa unatoka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa siku ya tisa.

Alikuja siku hiyo ya tisa asubuhi, na fedha ndani ya bahasha. Nilimhesabia siku kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, mbele yake, ili aone kwamba simwonei. Akaniambia asante. Akaukunja mdomo wa ile bahasha vizuri, mara mbili, kama mtu anayejua kuwa fedha zile zina pa kurudi siku hiyo hiyo.

Nafasi yake ilikuwa imechukuliwa jana yake. Wa kwanza kwenye orodha ya akiba alikuwa kijana ambaye baba yake alipiga simu asubuhi ya siku ya nane. Mzee yule hakutoa rushwa, hakutaja mkubwa yeyote, alikuwa na adabu. Aliuliza tu kama kuna nafasi iliyobaki wazi. Alijua kwamba swali hilo huulizwa, akajua na siku ya kuliuliza, kwa kuwa yeye mwenyewe alipita mlango huo ujana wake. Amana ililipwa kabla ya saa sita mchana. Kijana alisoma vizuri, wala simuonei kijicho. Siku ya mahafali nilimpigia makofi.

Nilimtafuta mwizi katika kisa hiki, sikumpata. Siku zote nilikuwa nikiamini kwamba utaratibu wa kuwakandamiza watu unahitaji mtu mbaya wa kuusimamia. Huu haukuhitaji. Ulinihitaji mimi na kalenda.

Tangu hapo nikisikia watu wanaeleza utajiri wa familia kwa nyumba, magari na safari za nje, naona wanazungumzia mapambo. Utajiri wa yule kijana, siku ile, ulikuwa siku mbili. Mwenye nacho anamwachia mtoto wake muda: muda wa kusubiri jibu, wa kurudia mtihani, wa kukataa kazi mbovu akingoja nzuri, wa kusoma fani akaiacha akaanza nyingine. Akikosea, nyumbani wanasema amejifunza. Mwenzake akikosea mara moja, kaka na dada zake wadogo wote wanaliona deni. Halafu wote wawili wanafika mbele yenu, mnawapima "uthubutu".

Tangu nistaafu nimepata nafasi ya kusoma vitu ambavyo nilikuwa nikivigonga mhuri tu, na nimekuta wataalamu wameshayashika haya kwa vipimo. Mnalijua lile jaribio mashuhuri la kumwachia mtoto peremende moja mezani na kumwahidi ya pili akisubiri. Kwa miaka mingi lilitumika kutuambia kwamba wanaosubiri ndio watakaofanikiwa, wasiosubiri wana kasoro ya tabia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha matokeo ya kulifanya kwa namna nyingine. Kwanza waliwaahidi watoto 28 vifaa bora vya kuchorea. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu walirudiwa na mtu mzima akiomba radhi kwamba havipo. Ndipo ikaletwa peremende. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa, dakika 3. Ulikuwa ni uamuzi wa busara wa mtoto aliyejua anaishi na watu wa namna gani. Yule aliyezoea kwamba ahadi hutimia ana subira, na ahadi kutimia ndani ya nyumba ni jambo linalogharamiwa.

Wapo pia wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Hao hupata fedha kwa mkupuo baada ya mavuno, na kabla ya mavuno huwa wamekaukiwa. Watafiti waliwapima 464 kwa maswali ya kufikiri, nyakati zote mbili. Watu wale wale walifanya vibaya zaidi walipokuwa hawana na vizuri zaidi walipopata. Akili haikuwa imeondoka, ilikuwa inafanya kazi nyingine: kupiga hesabu ya lipi lilipwe na lipi lisubiri. Mimi nilisoma taarifa hiyo nikakumbuka fomu zilizokuwa zikinifikia zikiwa na kosa la kijinga, tarehe imegeuzwa, sahihi imewekwa mahali pasipo pake, nikawa nazirudisha huku nikiguna moyoni kwamba huyu naye anataka kusoma nini.

Najua mtakachosema hapa. Mtasema mtihani haujui baba wa mtu. Nami nakubaliana nanyi kwa sehemu kubwa. Mtihani ni bora mara mia kuliko mjomba. Lakini mtihani huwa hauachwi peke yake. Mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa uchambuzi wa vyuo vikuu 12 vya Marekani vyenye majina makubwa kuliko vyote. Waliwalinganisha vijana wenye alama sawa za mtihani wa kuingilia. Waliotoka kwenye asilimia 1 ya familia tajiri zaidi walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma vyuo hivyo kuliko wa familia za kati. Alama sawa! Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na mambo matatu: upendeleo kwa watoto wa waliowahi kusoma hapo, nafasi za wanamichezo, na alama zinazotolewa kwa sifa zisizo za darasani. Na ninachowaombeni mkitazame kwa makini ni hiki: kwenye vyuo vikuu vya umma vinavyoongoza katika majimbo, wenye alama sawa walipokewa kwa kiwango kinachokaribiana, tajiri kwa maskini. Nchi moja, vijana wale wale, kanuni tofauti. Kumbe kanuni huandikwa, na kilichoandikwa hufutika.

Hizo "sifa zisizo za darasani" nimezishika mkononi. Chukueni barua za mapendekezo. Kamati yetu ilizipa alama 10. Kutoka shule zenye watoto wachache darasani zilikuja barua za kurasa mbili, zenye visa: jinsi alivyomtetea mwenzake, jinsi alivyouliza swali lililomkosesha mwalimu usingizi. Kutoka shule zilizojaa zilikuja barua za mistari minne. Mara mbili niliona jina la mwanafunzi limeandikwa juu ya wino mweupe wa kufutia, na ukiinua karatasi kwenye mwanga unasoma chini yake jina la mwenzake. Mwalimu yule hakuwa mvivu. Alikuwa na barua kama hizo za kuandika kwa rundo na jioni moja ya kuziandikia. Barua ya kurasa mbili ilipata 9. Ya mistari minne ilipata 4. Mlidhani mnampima kijana, mkawa mnapima idadi ya madawati.

Kwenye ajira mambo huwa wazi zaidi, kwa sababu huko watu wamejaribu kwa mtego. Lauren Rivera na András Tilcsik walituma maombi ya kubuni kwa ofisi 316 za kampuni kubwa za mawakili Marekani. Waombaji wote walikuwa na shule ile ile, matokeo yale yale, uzoefu ule ule. Tofauti ilikuwa dalili ndogo za nyumbani: mmoja anapenda mashua za tanga, polo ya farasi na muziki wa klasiki, mwingine riadha, kandanda na muziki wa kantri. Mwanamume wa mashua aliitwa kwenye usaili kwa zaidi ya asilimia 16 ya maombi yake. Wa riadha, kwa asilimia 1 na kidogo. (Mwanamke wa mashua hakufaidi hivyo, aliitwa chini ya asilimia 4, nyuma hata ya mwanamke wa riadha. Hilo ni barua nyingine.) Nina hakika waliosoma maombi yale wangeapa mbele ya hakimu kwamba hawabagui. Wangekuwa wanasema kweli wanayoijua. Waliona mtu "anayefanana na sisi", na neno lililoandikwa kwenye fomu likawa "anafaa mazingira ya kazi".

Hapa naomba nijitaje mwenyewe, kabla hamjaniuliza.

Mwanangu wa kwanza alipomaliza shule, fomu za taasisi yetu zilitoka kwa mchapishaji Ijumaa jioni. Tangazo lilibandikwa Jumatatu. Fomu ya mwanangu ilikuwa juu ya meza yetu ya sebuleni Ijumaa usiku, na mimi nimekaa pembeni yake. Alipofika kwenye swali la "eleza malengo yako ya baadaye" nilimwambia nini cha kuandika na nini cha kutoandika, kwa sababu mamia ya majibu ya swali hilo yalikuwa yamepita mikononi mwangu nikijua yapi yalipewa alama. Sikuiba fomu, sikughushi kitu, sikumwomba mtu. Alishinda kwa alama zake. Lakini yule binti wa mfagizi hakuwa na mtu wa kukaa pembeni yake Ijumaa usiku. Mshahara wa karani haumfanyi mtu kuwa tajiri mbele yenu, ila mbele ya nyumba ile mimi nilikuwa mwenye nacho, na nilimpa mwanangu nilichokuwa nacho kama mzazi yeyote angefanya. Ndiyo maana siwaombi mkawaambie wazazi waache kuwasaidia watoto wao. Hawataacha, nami sitaacha. Kazi ya kulirekebisha ni yenu, kwa kuwa ninyi ndio mnaokaa mahali ambapo misaada yote hiyo hukutana na kugeuzwa jina ikaitwa kipaji.

Msipogusa kitu, hali haijirekebishi. Wachumi wawili wa benki kuu ya Italia, Guglielmo Barone na Sauro Mocetti, walichukua kumbukumbu za kodi za mji wa Florence za mwaka 1427 wakazilinganisha na za mwaka 2011. Majina ya ukoo ya wenye vipato vya juu kabisa leo yalikuwa tayari juu kabisa wakati ule. Karibu miaka 600, vita, tauni, tawala zimekuja na kuondoka! Nayo OECD, shirika la nchi ambazo nyingi ni tajiri, ilikadiria mwaka 2018 kwamba kwa wastani wa wanachama wake, familia iliyo chini kabisa huhitaji vizazi vinne au vitano kufikia kipato cha kati. Denmark ni viwili. Colombia, 11. Sidhani kama watoto wa Denmark wana akili mara tano kuliko wa Colombia, na sidhani kama nanyi mnadhani hivyo.

Nirudi kwenye barua, maana ndiyo fani yangu.

Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilianza kujaribu jambo ambalo mimi, kama mchapaji, lilinifanya niweke karatasi chini. Waliwatafuta wanafunzi wa jimbo hilo wenye matokeo mazuri na wanaotoka familia za kipato cha chini, wakawatumia baadhi yao barua. Barua ilisema: ukiomba na ukakubaliwa, hutalipa ada kwa miaka minne, wala huhitaji kujaza fomu za kuthibitisha kwamba huna. Basi. Jambo la ajabu ni kwamba msaada wenyewe haukuwa mpya. Wengi wa vijana hao wangepata kiasi kama hicho hicho kwa utaratibu wa kawaida, baada ya fomu na viambatisho na kusubiri. Kilichobadilika ni barua: "endapo utathibitisha" iliondolewa ikawekwa ahadi. Kati ya ambao hawakuipata, asilimia 26 waliomba chuo hicho. Kati ya walioipata, asilimia 68. Waliojiunga walitoka asilimia 12 wakafika 27.

Nilipiga hesabu ya "endapo" nilizozichapa katika miaka 19. Nikaacha.

Kuna na jaribio jingine la huko huko Marekani, la fomu, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012. Watu wa kipato cha chini waliokwenda kwenye ofisi za kuandaliwa hesabu za kodi walijaziwa fomu ya kuomba msaada wa masomo ya watoto wao papo hapo, kwa kuwa taarifa zao nyingi zilikuwa tayari mezani. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Miaka iliyofuata, watoto wao waliokamilisha miaka miwili ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Kundi jingine lilipewa maelezo tu, kwamba msaada upo na kiasi chake ni hiki, bila kujaziwa. Hao hawakubadilika hata kidogo. Kumbukeni hilo siku mtakapoletewa bajeti ya vipeperushi.

Na droo ya tatu ipo huko pia. Wanaita kuyeyuka kwa kiangazi: vijana waliokwisha kukubaliwa chuo na wakakubali, halafu hawatokei masomo yanapoanza. Watafiti Benjamin Castleman na Lindsay Page walikadiria ni kati ya asilimia 10 na 20 nchini humo, na wa familia za kipato cha chini ndio wanaoyeyuka zaidi. Walipojaribu kuwapigia simu na kuwatumia ujumbe mfupi wa kuwakumbusha tarehe na kuwauliza wamekwama wapi, waliofika waliongezeka. Simu, waheshimiwa. Kile nilichokifanya kwa wiki mbili saa ya mapumziko, nikiwa nimechelewa.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya, ingawa sheria nazo zipo: Brazil tangu mwaka 2012 inavitaka vyuo vikuu vya shirikisho vitenge nusu ya nafasi kwa waliosoma sekondari za umma, na sehemu ya nusu hiyo kwa wenye kipato kidogo. Hilo liwe mjadala wa bunge. Langu ni la ofisini.

Futeni amana ya kushikilia nafasi. Mkiona lazima mpime umakini, mwambieni mtu aandike "nakuja" na kutia sahihi. Siku za kujibu zihesabiwe tangu barua ilipopokelewa, na zivuke angalau mwisho wa mwezi mmoja, kwa sababu kuna nyumba ambazo fedha huingia siku moja tu kwa mwezi. Sharti la mdhamini mwenye ajira ya kudumu sijawahi kuona likitusaidia. Katika miaka yangu hatukumfuata mdhamini hata mmoja. Lilikuwa linauliza tu, kwa adabu, kama ukoo wako umeshafika.

Mnaoajiri, tazameni tangazo lenu linapodai "uzoefu wa miaka 2". Uzoefu wa kwanza siku hizi hupatikana kwa kufanya kazi miezi sita bila malipo, na anayeweza kufanya kazi miezi sita bila malipo ni yule anayelipiwa pango na nauli na mtu mwingine. Mkidai uzoefu huo bila kuulizia ulipatikanaje, mnadai hati ya mzazi. Walipeni wanaojifunza kazi kwenu. Kama hamna fedha za kuwalipa, basi hamna nafasi, msiitangaze.

Mtaniambia kwamba mkilegeza mambo haya mtashusha viwango. Hoja hiyo niliisikia vikaoni nikiandika muhtasari, na ilikuwa ikisemwa kwa uchungu wa kweli. Lakini yule binti alikuwa wa kwanza kwenye orodha yenu. Mliyemchukua badala yake alikuwa kwenye akiba. Kiwango kilishuka siku ya nane, saa sita mchana, na hakuna aliyekiona kikishuka.

Nilimuuliza kwenye simu anafanya nini sasa. Alisema anafanya kazi ya usafi pamoja na mama yake, zamu ya usiku, na kwamba mdogo wake anamaliza shule mwakani, ana alama nzuri. Akaniuliza kama fomu za mwaka unaofuata zitatoka lini. Nilimwambia tarehe ya Ijumaa, siyo ya Jumatatu. Nadhani nilivunja kanuni. Iandikeni kwenye jalada langu.

Mengi ya yale majalada niliyateketeza kama nilivyoagizwa. Yale 11 sikuyateketeza. Nilipokabidhi ofisi niliyaacha kwenye droo ya tatu, na juu yake karatasi yenye namba saba za simu na alichosema kila mmoja. Aliyenipokea anao ufunguo. Yupo dirishani kila siku mpaka saa tisa na nusu, mwombeni.

Wenu,
Karani mstaafu wa masijala